Mkaratusi Uliopigwa Pasi

3 Februari

Mwanangu Sisimizi,

Mimi mzima, cherehani nzima, na paa linavuja palepale siku zote linapovuja. Salamu zimeisha, sasa nikae vizuri maana nina jambo.

Unalikumbuka korongo la nyuma, pale mwisho wa ukuta, tunapomwaga maji ya kufulia? Kile kichaka ulichokiacha sasa ni mti. Umenipita mimi, umelipita paa, umewapita na wenye wivu. Una wadogo zake wawili pembeni. Hakuna aliyeupanda, hakuna aliyeumwagilia isipokuwa mapovu yangu ya sabuni.

Wiki iliyopita akaja Bwana Misitu. Ni kijana mwenye adabu zake, ila suruali inamwishia juu ya kifundo cha mguu, nimemwambia ailete niishushe. Kazi yake ni kupita huku na kule akiandika miti ya kigeni inayoota yenyewe bila kupandwa na mtu. Akaushika mti wetu, akaugonga kama daktari anavyogonga kifua, akatafuna jani, akatema. Akasema, "Mama, huu ni mkaratusi, hapo sina shaka. Lakini mikaratusi ni ukoo mkubwa, na ndugu huyu simjui. Wala sielewi amefikaje hapa."

Nikamwambia, "Basi hiyo kalamu irudishe mfukoni. Mwanangu ndiye mkuu wa miti yote kwenye ile nyumba kubwa ya mimea mikavu. Akinusa tu anakutajia mti, baba yake na babu yake."

Mama Duka alikuwa ameegemea ukuta, hana mteja, kama kawaida yake. Akadakia: "Mkuu gani huyo ambaye hata njia ya kwao kaisahau?"

Nilimpa jibu ambalo siliandiki hapa kwa sababu karatasi hii ni safi. Ila liliniingia, mwanangu. Tangu tumzike baba yako hujakanyaga hapa. Kwenye simu, kabla sijamaliza kusema haloo, wewe umeshasema "mama nipo kazini". Na simu yangu yenyewe ni ya tochi, picha haijui kupiga. Ndiyo maana naandika.

Nimekutumia majani. Nimeyachagua mwenyewe, ni safi, yamenyooka kama shati la bwana harusi. Lakini Bwana Misitu anasema mti hautajwi vizuri kwa majani ya kwenye bahasha, mtu inabidi asimame mbele yake. Kwa hiyo njoo usimame. Kitanda chako nimekitandika.

Mimi mama yako,
Fundi wa Kona


20 Februari

Mama, shikamoo.

Bahasha imefika. Nimefanya kazi hapa muda wote huu na sijawahi kuona majani yaliyonyooka hivi. Yanang'aa, tena yote yanalingana kana kwamba yametoka kwenye kiwanda kimoja. Nimeyanusa, yananukia sabuni. Nikacheka peke yangu hadi wenzangu wakageuka. Nikasema hata majani ya kwetu yananukia kama mama.

Mwambie Bwana Misitu ni Eucalyptus saligna, mkaratusi wa kawaida, ule unaopandwa kwa ajili ya nguzo. Jani jembamba, refu, laini, halina cha ajabu. Pengine mbegu zimetoka kwenye mashamba ya nguzo ya jirani.

Kuja siwezi kwa sasa, mama. Kazi zimebanana. Tutaona mbele ya safari.

Na wewe uache kubishana na Mama Duka, presha itapanda.

Mwanao,
Sisimizi


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Presha yangu iko sawa, ya kwake ndiyo sijui.

Jina lilipofika nililiandika kwa chaki ya kukatia nguo kwenye kipande cha kitambaa cheusi, nikakitundika mlangoni juu ya cherehani. Kila anayekuja kupima suruali anasoma. Wengine hawawezi kulitamka, mimi nawasaidia. Jina refu kama cheo cha serikali, nimelizoea kwa siku moja tu.

Jumapili palikuwa na kikao cha watu wa mtaa pale bombani, Bwana Misitu naye kaalikwa aeleze habari za miti. Nikasimama. Nilivaa lile gauni la kijani. Nikasema, "Mti wangu umeshatajwa, na aliyeutaja ni mtoto niliyemzaa mwenyewe." Nikalitaja jina. Watu wakapiga makofi, isipokuwa unayemjua.

Bwana Misitu hakupiga makofi. Akaniomba twende wote korongoni. Tukaenda, na kikao kikatufuata nyuma kama arusi. Akaokota tunda chini ya mti. Akasema kwa upole, nisije nikasema alinivunjia heshima, "Mama, huo mti aliouandika matunda yake ni madogo, hukaa kwa vishada. Haya ni makubwa kama kifungo cha koti, na kila moja limekaa peke yake. Labda majani yalimfikia vibaya."

Nikamwambia majani yalifika vizuri kuliko wewe unavyofika kazini. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Mama Duka naye akacheka, lakini cha kwake kilikuwa kicheko kingine. Akasema, "Mkuu amekosea, au ukuu ndio umekosewa?"

Sisimizi, unaumwa? Niambie ukweli. Mtu aliyekuwa akirudi nyumbani na magome, manyoya ya ndege, mbegu, makonokono, mpaka baba yako akampa jina la mdudu abebaye mizigo, mtu huyo hawezi kukosea mti wa nyumbani kwao. Mimi nasema hukukosea, uko mbali tu. Ukiwa mbali hata mimi naweza kukukosea.

Kitambaa bado kiko mlangoni. Sijakitoa. Njoo ukitoe wewe au uniambie kibaki.

Mama yako,
Fundi wa Kona


2 Aprili

Mwanangu,

Mwezi karibu wote hujajibu. Simu inaita, haipokelewi. Nimemtuma mtu posta aulize kama barua zimekwama, wakamwambia barua hazikwami, wanaokwama ni watu.

Mvua zimeanza. Asubuhi baridi inapanda kutoka korongoni mpaka vidole vinagoma kushika sindano. Ule mti umetoa maua meupe, hayana petali, ni nyuzinyuzi tu, kama pindo la kitambaa lililofumuka. Nyuki wamejaa. Ukikaa kwenye kiti changu, mashine ikinyamaza, unawasikia kutoka hapa. Harufu inaingia dirishani, harufu kali ya kusafisha pua. Kuna jioni inanijia kama mtu anayekaribia mlango, nainua kichwa.

Koti la baba yako bado liko kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Juzi nimelitoa nikalipunga upepo, nikalirudisha. Unanijua mimi na uchafu. Lakini lile ndilo kitu pekee ndani ya nyumba hii ambacho sabuni yangu haijakigusa tangu aondoke. Usiniulize kwa nini.

Nimetoa kile kitambaa mlangoni, si kwa ajili ya Mama Duka. Mvua ilikuwa inafuta chaki.

Andika hata mistari miwili. Hata kama ni kuniambia nisikusumbue na mambo ya miti.

Mama yako


19 Aprili

Mama, shikamoo.

Siumwi. Nimekaa na barua zako mbili mezani, kila siku nasema kesho. Leo naandika.

Mama, mimi si mkuu wa miti. Sijawahi kuwa. Mwanzoni nilikwambia nimepata kazi kwenye nyumba ya mimea mikavu, wewe ukasema "mwanangu anasimamia miti", mwezi uliofuata nikawa "mkubwa wa miti", baadaye nikasikia kwa watu kuwa ni "mkuu wa miti yote". Kila nilipotaka kukukatiza ulikuwa unacheka kwa furaha, nikashindwa.

Kazi yangu ni hii. Mimea inakuja imekaushwa ndani ya magazeti. Mimi naitoa, naipanga juu ya karatasi ngumu, naibandika kwa gundi. Vijiti vinene ambavyo gundi haivishiki, navishona kwa sindano na uzi. Halafu naweka kwenye makabati. Nafanya hivyo kutwa nzima, kwenye chumba kinachonuka dawa ya wadudu, na dirisha lake haliruhusiwi kufunguliwa upepo usije ukapeperusha vitu. Anayetaja majina ni mama mmoja mtu mzima, sisi tunamwita Bibi Miwani. Meza yake iko mbele, yangu iko nyuma kabisa karibu na sinki.

Majani yako yalipofika sikumpelekea. Nilitaka jina ulipate kwangu, si kwa mtu mwingine. Nikajifungia nikalinganisha na yaliyomo makabatini, nikaandika lile nililoona linafanana. Ukaenda ukasimama mbele ya watu na gauni la kijani.

Ndiyo sababu siji, mama. Nikishuka kituoni wataniita Mkuu wa Miti, nitaitika vipi? Wewe uko mlangoni umevaa, watu wako nyuma yako. Na baba hayupo wa kunitania ili mambo yapite.

Ila kuna kitu kinanisumbua. Yale majani nimeyatoa tena leo. Yananukia sabuni kweli, haikuwa mawazo yangu. Na kingo zake, nikiangalia kwa lenzi, zimenyooka mno. Mama, uliyafanya nini?

Sisimizi


1 Mei

Sisimizi,

Marahaba, mwanangu, na unaniuliza nini? Niliyafua!

Ulitaka nikutumie uchafu? Majani yale ya juu, marefu, hayakuwa na neno. Lakini kuna mengine kwenye machipukizi ya chini, mapana kama kola, yamejaa unga mweupe kama ukungu wa ukutani. Nikaona aibu. Nikasema mwanangu atafungua bahasha mbele ya wakubwa, waseme kwao wana kuvu. Nikayaloweka kwa maji ya moto na sabuni, unga ukatoka wote. Nikayatia wanga kidogo. Nikaweka kitambaa juu, nikayapiga pasi, mkaa wa wastani, maana majani si kitani. Yale mapana yakawa hayalingani na wenzake, nikayapunguza kwa mkasi, kwa mkono ule ule unaokata kola za mashati ya shule. Umesema mwenyewe kwamba yanalingana! Nilifurahi hata nikawasomea watu huo mstari.

Matunda sikutia. Yana vinundu kama mgongo wa chura, nayo yamepakwa unga ule ule. Nikasema haya hayafai kusafiri.

Kumbe nimekuharibia. Basi nipige teke, lakini njoo karibu ndiyo unipige.

Sasa sikiliza. Hiyo kazi yako nimeisoma mara nyingi kuliko barua nyingine zote. Unashona! Umekaa mwaka hadi mwaka unanificha kwamba unashona? Nani alikufundisha kushika sindano? Nani alikuchapa kwa futi ya kitambaa ulipopiga mshono kama njia ya konokono? Huyo Bibi Miwani na majina yake yote, kijiti kikimbandukia anamwita nani?

Jana nimekwenda dukani makusudi, sina hata cha kununua. Nikamwambia Mama Duka, "Ule ukuu achana nao, yalikuwa maneno yangu mimi. Mwanangu ni fundi. Anashona miti." Akauliza, "Miti inashonwaje?" Nikamwambia, "Hilo sasa ni la watu wa ndani, wewe nipimie chumvi." Akanipimia, macho kwenye mizani. Ni mara ya kwanza nimemshinda kwa jambo la kweli, na nakwambia lina raha yake.

Ndani ya boksi hili kuna kila kitu. Bwana Misitu ndiye aliyenielekeza cha kuchukua: tawi changa na majani yake mapana yakiwa bado kwenye kijiti, tawi la juu, maua, matunda, na utepe wa gome lililojichuna lenyewe. Sijafua. Sijafuta. Kuna hata mdudu mmoja, nimemwacha na yeye aje akuone kwa kuwa mimi sipati nafasi. Nilifunga boksi nimegeuza uso pembeni.

Mpe Bibi Miwani. Mwambie limetoka kwa fundi, limekwenda kwa fundi, yeye kazi yake ni kutaja tu.

Mama yako, Fundi wa Kona


22 Mei

Mama, shikamoo. Nimecheka, nimelia, nimecheka tena. Mdudu amefika mzima.

Nilipeleka boksi mezani kwa Bibi Miwani nikasimama kama mwanafunzi. Alifungua, akachukua tunda moja akalisugua kwa kidole gumba. Unga ukatoka. Hakunigeukia hata kunigeukia. "Eucalyptus globulus," akasema. Mama, alitumia muda mfupi kuliko wewe unavyotumia kutunga uzi.

Halafu akanivutia kiti. Hajawahi kunivutia kiti. Akanionyesha. Majani machanga yanakaa mawilimawili, yametazamana, hayana hata kikonyo, yamekumbatia kijiti. Kijiti chenyewe kina pembe nne, ukikiviringisha kati ya vidole unasikia. Majani yakikua yanabadilika kabisa, yanarefuka, yanapinda kama mundu, kama vile mti umehamia mwili mwingine. Na tunda linakaa peke yake, lina kingo nne na vinundu vyako vya chura. Aliyeupa jina hilo la globulus aliliona tunda kama kifungo kidogo, alisema. Na ule unga, mama, ule ulioufua ukaona aibu, ndio unaoutambulisha. Nikamweleza habari za wanga na pasi. Alivua miwani akafuta machozi, na tangu siku ile kila kukicha ananiuliza, "Fundi hajatuma kingine?"

Lakini akauliza swali. Kwenu huko kuna mti mwingine kama huu? Nikasema hapana, yote niijuayo ni ile ya nguzo. Akasema basi haiwezekani. Mbegu zake ni nyeusi, ndogo kama vumbi, hazina mabawa wala ndege hawazibebi. Zinaanguka palepale miguuni pa mama yao. Akasema lazima kuna mtu aliyezileta.

Nikarudi mezani kwangu na tunda moja mkononi. Nikawa nalizungusha hivi hivi tu. Na mkono ukakumbuka kabla yangu. Nikachomeka kijiti katikati, nikalisokota juu ya meza, likazunguka, likaimba.

Zile pia zangu za kuchezea, mama. Zile alizokuwa akinitolea baba mfukoni akirudi kutoka kwenye uwanja wa kuni wa kiwanda. Ule msitu nyuma ya boila, walioukata wote alipokaribia kustaafu, ulikuwa ni mkaratusi gani? Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka harufu tu, na jinsi kola ya koti lake ilivyokuwa na unga mweupe.

Nimekaa na swali hili tangu jana, naogopa kuliuliza. Baba alikuwa akikung'utia wapi koti lake?

Sisimizi


8 Juni

Mwanangu,

Palepale.

Barua yako niliisomea mlangoni, nikaiacha juu ya mashine, nikatoka na ndala zisizo jozi mpaka mwisho wa ukuta. Nimesimama pale mpaka mteja akaja kunitafuta.

Alikuwa akirudi mweupe kama aliyelala kwenye gunia la unga. Magome kwenye nywele, majani kwenye kola, vumbi la kuni kila mahali. Na mimi ndani nina nguo za watu, magauni ya arusi, mashati meupe. Nilikuwa nasimama mlangoni nimeweka mkono kiunoni. "Hapana! Kung'uta kwanza!" Yeye anacheka, anakwenda mwisho wa ukuta, analivua koti, analipiga kwenye lile jiwe, pa, pa, pa, anageuza na mifuko. Halafu anapaza sauti: "Fundi, mimi msafi?" Na mimi hata bila kutazama nasema, "Bado mgongoni!" Anapiga tena. Siku nyingine mgongoni hamna kitu, nasema tu ili nimsikie akinung'unika.

Kila jioni ya kazi, mwanangu, miaka yote ile. Sikujua kama tunapanda.

Leo nimelitoa koti msumarini. Nimegeuza mfuko mmoja nje. Mna vumbi jeusi, laini kama ugoro. Zamani ningelipangusa kabla hujasema lolote. Nimelirudisha mfukoni taratibu, nikafunga kifungo cha mfuko.

Bwana Misitu alikuja Ijumaa, suruali imeshafika panapotakiwa, kijana anapendeza. Nikamtajia jina la mti, nikalitamka lote bila kujikwaa. Akaandika. Akauliza, "Aliyepanda?" Nikasema, "Mume wangu." Akauliza, akitabasamu, "Kwa ruhusa ya nani?" Nikamwambia, "Ruhusa gani? Kwa amri yangu." Hakuandika. Alivua kofia akakaa kidogo na mimi pale kwenye jiwe. Upepo ulikuwa unavuma, majani yananing'inia yanasuguana, na kila baada ya muda tunda moja linaanguka, to. Macho yalinitoka machozi, na hiyo ni harufu ya mti, ni kali sana kwa mtu wa umri wangu.

Basi sasa mti umeshatajwa, na aliyeuleta tumemjua. Nimekaa nikifikiri nitakuitia nini. Nilipoanza nilisema njoo uutaje. Baadaye nikasema njoo ukitoe kitambaa, njoo unipige teke. Vyote vimekwisha, sina kisingizio kilichobaki.

Nilikuwa nataka uje tu, Sisimizi. Toka mwanzo. Hata mti ungekuwa mwembe ningekwambia siujui.

Mama yako


20 Juni

Mama, shikamoo.

Nimeomba likizo. Bibi Miwani alisaini kabla sijamaliza sentensi, sharti nirudi na gome zaidi.

Mti wako nimeushona mwenyewe. Tawi lilikuwa nene, gundi ilikataa, nikatumia ule uzi wa bluu ulionifungia kwenye kibweta siku naondoka. Nimeweka mishono midogo ile uliyonichapia. Unga wake wote upo, sikuugusa kwa kidole. Kwenye kona, panapotakiwa jina la aliyeukusanya, nimeandika Fundi wa Kona. Umeingia kabatini, mama. Watakaokuja kutafuta mti huu baada yetu watakukuta wewe kwanza.

Nitashuka kituoni Jumamosi ya wiki ya kwanza ya Julai. Atakayeniita mkuu nitamwambia nimeshushwa cheo, sasa ni fundi. Nitakuwa na koti, huku kumepoa na njiani kuna vumbi jingi. Usinisubiri mlangoni umeweka mkono kiunoni. Nitapitia nyuma kwanza, kwenye lile jiwe, nikung'ute. Nitakuuliza kama mimi msafi, na wewe ujue cha kujibu.

Sisimizi wako


28 Juni

Mwanangu,

Sijui kama barua hii itakuwahi au mtapishana njiani.

Kitanda nimekitandua nikakitandika upya. Mama Duka ameniuliza mara tatu unashuka na basi la saa ngapi, anajifanya anauliza kwa ajili ya mizigo yake. Nimemwambia aje asimame na mimi kituoni kama anataka, lakini atakayekukumbatia kwanza ni mimi. Amekwishaniletea shuka lake jipya, eti la kwangu limepauka. Nimelipokea. Sijalifua.

Kuhusu koti, usipitie nyuma. Korongoni tutakwenda wote kesho yake asubuhi, tukishaamka. Wewe pita mlango wa mbele na usikung'ute, mwanangu. Ingia hivyo hivyo na vumbi lako lote.

Msumari nimeupigilia wa pili, pembeni ya ule wa baba yako.

Mama